Kutambua na Kutafuta Fitingi za Mipira ya Injini ya Gari: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Fitingi, yaani kiungio cha mpira au bomba, iliyonifundisha kazi hii ilikuwa T ya brasi isiyozidi ukubwa wa kidole gumba. Nilikuwa ninafunga geji ya presha ya oili kwenye Corolla yenye injini ya 1NZ-FE, na nilihitaji T ili swichi ya oili ya kiwandani na mpira wa geji vitumie tundu moja. Muuzaji aliichukua swichi yangu, akaijaribisha kwenye T, ikazunguka vizuri, naye akasema, "Kaka, si unaona inaingia? Hiyo ndiyo yake." Tulipoifunga kwenye injini ilizunguka mara mbili kwa vidole, mara ya tatu ikawa nzito, na fundi akaongeza nguvu ya spana. Asubuhi yake kulikuwa na doa la oili chini ya gari, na tulipoifungua ile T ilitoka na nyuzi za aluminiamu ya injini zikiwa zimejiviringisha juu yake kama randa za seremala.

Kilichotokea kinaelezeka kwa tarakimu mbili. T ile ilikuwa na nyuzi za M10, yaani kipenyo cha milimita 10 na nafasi ya milimita 1.0 kati ya uzi na uzi, ilhali tundu la swichi ya oili kwenye injini za Toyota ni la nyuzi za bomba za Kiingereza, BSP ya thumni ya inchi (1/8), ambazo kipenyo chake ni milimita 9.73 na nafasi yake ni milimita 0.907. Jicho haliwezi kuiona tofauti ya robo ya milimita, na vidole huihisi pale tu ambapo nyuzi zimeshaanza kuharibika. Ilibidi fundi mkereza vyuma apanue tundu, akate nyuzi za robo inchi, kisha aweke bushi, kazi ambayo gharama yake ilizidi bei ya T ile mara nyingi sana.

Mwongozo huu unahusu zaidi magari yaliyotumika yanayotoka Japani, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa kwenye gereji zetu, lakini njia yenyewe ni ileile kwa gari lolote: unajua kwanza kinachopita ndani, kisha mahali fitingi inapozibia, kisha vipimo vyake, na ndipo unapokwenda dukani.

Hatua ya kwanza: jua kinachopita ndani ya mpira

Kabla ya kushika kipimo chochote, jiulize ni kitu gani kinapita ndani ya mpira huo, kina joto kiasi gani na kinasukumwa kwa presha gani, maana majibu hayo ndiyo yanayoamua fitingi iwe ya kitu gani na mpira wake uwe wa aina gani.

Maji ya rejeta ndiyo yanayodharauliwa zaidi, pengine kwa sababu yanaitwa maji. Themostati ya injini kama 1NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi joto 80 na 84, na gari linapopanda mlima likiwa na mzigo maji hayo hupita nyuzi 90 na yanaweza kuvuka 100 bila kuchemka, kwa kuwa kifuniko cha rejeta huyashikilia chini ya presha iliyoandikwa juu yake, ambayo kwa magari mengi ya Kijapani ni 0.9 au 1.1, karibu sawa na kipimo cha presha kiitwacho bar. Kwa hiyo T ya plastiki ya PVC iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya nyumbani, ambayo huanza kulainika karibu na nyuzi 80, haifai hapo hata kwa safari ya kufika nyumbani. Vivyo hivyo fitingi za plastiki za kompresa ya upepo, zile ambazo mpira huchomekwa ukajishika wenyewe, kwa kawaida hutengenezwa kuvumilia joto la nyuzi 60 hivi. Kwenye maji ya rejeta tumia brasi, aluminiamu, chuma cha pua, au plastiki ya kiwandani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na epuka fitingi za chuma zilizopakwa zinki, kwa sababu zinki haielewani na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na mabaki yake huishia kwenye rejeta.

Petroli ina masharti makali zaidi. Injini ya kabureta hupokea petroli kwa presha ndogo isiyofika hata bar moja, lakini injini ya EFI ya kawaida, inayopuliziwa petroli kwa nozeli, huipokea kwa presha ya bar 3 hivi, na mpira wa kabureta ukifungwa hapo utadumu kwa muda tu. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa mpira: wenye alama ya SAE J30 R7 ni wa presha ndogo, R9 ni wa mfumo wa EFI, na R10 ni ule unaoweza kulala ndani ya tangi ukiwa umezamishwa kwenye petroli. Mpira wa rejeta au wa hita, ambao kwa kawaida ni wa EPDM (aina ya mpira bandia), hauvumilii petroli wala oili. Huvimba, hulainika na mwishowe hupasuka. Mipira ya silikoni ya rangi za kuvutia, mingi yake buluu na nyekundu, ni mizuri kwa maji na hewa, lakini petroli hupenya kwenye kuta zake.

Kwa dizeli kuna mstari usiovukwa. Katika injini za komoni reli, ambazo reli moja yenye presha hulisha nozeli zote, kama 1KD-FTV ya Hilux na Prado, presha kati ya pampu, reli na nozeli hufika bar 1,600. Mabomba hayo ya chuma hayaungwi, hayachomelewi na hayatafutiwi fitingi mbadala. Hununuliwa mapya kwa namba yake. Unachoweza kukishughulikia mwenyewe ni mipira ya kuingiza dizeli kutoka kwenye tangi na ile ya kuirudisha.

Oili ya injini ina presha ya bar kadhaa na joto linalozidi lile la maji, hivyo mpira wake huwa wa kubanwa kwa mashine na wenye kichwa cha chuma. Mipira ya vakyumu, kinyume chake, haipasuki bali hunyonywa ikajikunja, ndiyo maana ukuta wake ni mnene kuliko unavyoonekana kustahili. Mpira wa breki busta una valvu ya upande mmoja, na mshale uliopo juu ya valvu hiyo huelekezwa kwenye injini; ukigeuzwa, pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe.

Hatua ya pili: tafuta mahali fitingi inapozibia

Watu wengi huamini kwamba nyuzi ndizo zinazozuia kuvuja. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi nyuzi hukaza tu, na kazi ya kuziba hufanywa na sehemu nyingine kabisa. Ukiifungua fitingi ya zamani, ifute kwa kitambaa na uitazame kwenye mwanga mpaka uone ni wapi palipong'aa au palipobonyea, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa pakiziba.

Aina ya kwanza ni mdomo wa kuvalishia mpira, ambao una tuta moja au matuta kadhaa. Mpira huvuka tuta, na klipu huubana nyuma yake. Bomba la shaba tupu lisilo na tuta litashika siku ya kwanza, kisha mpira utachomoka siku maji yatakapopata joto.

Aina ya pili ni nyuzi za koni, ambazo huwa nyembamba mbele na nene nyuma, na hizi ndizo kweli zinazoziba kwa nyuzi zenyewe. Swichi ya oili ya Toyota ni ya namna hii, na ndiyo sababu haina wosha. Hapa ndipo mahali pa tepu ya bomba au gundi ya nyuzi.

Aina ya tatu ni nyuzi zilizonyooka zenye wosha ya shaba au aluminiamu. Bolti ya banjo, ile yenye tundu katikati inayopitisha oili ya turbo au dizeli ya kurudi, huziba kwa wosha mbili, moja kila upande wa jicho la bomba, na wosha hizo hubadilishwa kila inapofunguliwa. Tepu haina kazi hapa.

Aina ya nne ni koni ya chuma inayokalia koni nyingine, na hapa pana mtego mkubwa, kwa sababu pembe za koni hutofautiana kulingana na asili ya fitingi. Fitingi za Kimarekani za haidroliki zinazoitwa JIC zina koni ya digrii 37, za SAE za mabomba ya gesi na petroli zina digrii 45, za Kijapani nyingi zina koni ya digrii 30, na za Kijerumani za DIN zina digrii 24. Nati inaweza kuzunguka kikamilifu huku koni zikigusana kwa mstari mwembamba tu, na fitingi hiyo itavuja hata ukiikaza kwa bomba refu.

Aina ya tano ni oringi inayozamishwa ndani ya kichwa na kushikwa kwa klipu ya waya. Volkswagen, Audi, BMW na Mercedes hupenda sana vichwa hivi vya plastiki kwenye mipira ya maji, na baada ya miaka mingi ya joto plastiki hiyo hukauka mpaka ikavunjika vidoleni kama biskuti. Katika magari hayo mara nyingi kiwanda huuza mpira mzima pamoja na vichwa vyake, kwa hiyo usishangae ukiambiwa kwamba kichwa peke yake hakipo. Vichwa vya kubofya vya petroli ni ndugu wa aina hii: ukubwa unaoonekana zaidi ni wa bomba la milimita 7.89 na la milimita 9.49, na tofauti ya oringi za petroli na za maji ni ya malighafi hata kama ukubwa ni uleule.

Hatua ya tatu: pima

Vifaa unavyovihitaji ni kalipa ya vernia, hata ile ya plastiki ya bei nafuu, na kipima nyuzi chenye majani mengi kama ya kisu cha mfukoni. Kipima nyuzi kiwe na majani ya milimita na ya inchi yenye pembe ya digrii 55, maana nyuzi za BSP zina pembe hiyo, huku za milimita na za bomba za Kimarekani, NPT, zikiwa na pembe ya 60.

Kwa upande wa mpira, pima bomba au mdomo unaovalishwa. Usiutegemee mpira wa zamani, kwa kuwa umeshatanuka. Mpira wa hita kwenye magari mengi ya Kijapani una tundu la milimita 16, ambalo muuzaji anayehesabu kwa inchi ataliita tano ya nane. Mdomo unapaswa kulingana na tundu la mpira au kulizidi kidogo sana. Ukiona mpira unavaa kwa ulaini kabisa bila kusukumwa, ni mkubwa, na klipu haitaurekebisha bali itaukunja upande mmoja.

Nyuzi za nje hupimwa kipenyo juu ya vilele vyake, na kama kipenyo cha mbele ni kidogo kuliko cha nyuma, hizo ni nyuzi za koni. Kisha pima nafasi. Usiyepata kipima nyuzi utazame gari lako, kwa sababu limejaa vipimo: bolti ndogo inayofunguliwa kwa spana namba 10 kwenye Toyota ni M6 yenye nafasi ya milimita 1.0, bolti ya spana namba 12 ni M8 yenye nafasi ya 1.25, bolti ya kumwagia oili ni M12 yenye nafasi ya 1.25, na stadi ya tairi ni M12 yenye nafasi ya 1.5. Chukua bolti unayoijua, ilaze ubavuni mwa fitingi usiyoijua ili nyuzi ziingiliane, kisha ziinue kwenye mwanga wa simu. Nyuzi zikilingana hutaona mwanga hata kidogo kuanzia uzi wa kwanza mpaka wa mwisho. Zisipolingana, mwanga utaanza kuchungulia kwenye uzi wa tatu au wa nne na kuongezeka unavyosogea. Ningeweka T yangu ya brasi kando ya bolti ya spana namba 10 kwa nusu dakika tu, ningejua kwamba ni ya milimita 1.0 na kwamba swichi ya Toyota si ya hesabu hiyo: katika nafasi sita tofauti huwa imefika zaidi ya nusu milimita, na hiyo huonekana.

Majina ya nyuzi za bomba huwachanganya hata mafundi wazoefu. Robo inchi ya BSP ukiipima kwa kalipa haitakupa milimita 6.35 bali 13.16, kwa sababu jina lilitokana na tundu la bomba la zamani na halikutokana na unene wa nyuzi. Hizi ndizo tarakimu ninazoziandika nyuma ya daftari langu. BSP ya thumni ni milimita 9.73 na nyuzi 28 kwa inchi. Ya robo ni 13.16 na nyuzi 19. Ya thumni tatu ni 16.66 na nyuzi 19. Ya nusu ni 20.96 na nyuzi 14. Upande wa NPT, ya thumni ni 10.29 na nyuzi 27. Ya robo ni 13.72 na nyuzi 18. Ya thumni tatu ni 17.15 na nyuzi 18. Ya nusu ni 21.34 na nyuzi 14. Angalia jinsi BSP na NPT za nusu inchi zilivyo na idadi moja ya nyuzi: zitafungana kwa mizunguko mingi, zitakaza vizuri, na bado zitavuja kwa sababu pembe zake si moja.

Kuhusu magari, kanuni inayosaidia ni kwamba Wajapani hutumia PT, ambayo kwa vipimo ni ndugu wa BSP ya koni, kwenye swichi na sensa za koni, na hupenda nafasi ya 1.25 kwenye bolti za M10 na M12. Wajerumani hupenda 1.5 kwenye M12 na M14. Wamarekani hutumia NPT, na ndiyo maana geji nyingi zinazouzwa katika maboksi ya kupendeza huja na fitingi za NPT ya thumni, ambazo kwenye Toyota zitaingia kidogo kisha zikwame.

Tundu la ndani ni gumu kulipima moja kwa moja. Njia ya uhakika ni kujaribisha kwa vidole, bila spana kabisa, fitingi ya kiume ambayo tayari unaijua. Nyuzi zilizonyooka zinapaswa kuingia mpaka mwisho kwa vidole. Nyuzi za koni zinapaswa kuingia mizunguko mitatu au minne, kisha kukaza taratibu kwa pande zote bila kuchezacheza.

Ukifika kwa watu wanaobana hosi za haidroliki utasikia lugha nyingine: namba nne, namba sita, namba nane, namba kumi. Hizo ni sehemu za kumi na sita za inchi, hivyo namba sita ni thumni tatu za inchi na namba kumi ni tano ya nane, yaani ule ule mpira wa milimita 16. Nyuzi za JIC zinazoambatana nazo ni 7/16 yenye nyuzi 20 kwa namba nne, 9/16 yenye nyuzi 18 kwa namba sita, na 3/4 yenye nyuzi 16 kwa namba nane.

Hatua ya nne: tafuta namba ya spea

Kama fitingi ni sehemu ya mpira uliofinyangwa kwa umbo maalumu, au ni kichwa cha plastiki cha kiwandani, vipimo havitoshi na namba ya spea ndiyo njia. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba ndefu ya herufi 17 bali yana namba ya fremu, kwa mfano inayoanza na NZE121 kwa Corolla au NCP60 kwa IST. Usiishie kwenye jina la gari: Vitz ya SCP90 ina injini ya 2SZ, ya KSP90 ina 1KR, na ya NCP91 ina 1NZ, na mipira yao haifanani. Namba hiyo iko kwenye kibati kilichogongwa ukutani nyuma ya injini au kwenye nguzo ya mlango, nawe uipige picha kabla ya kutoka nyumbani.

Ingiza namba ya fremu kwenye katalogi ya mtandaoni. Partsouq ya Falme za Kiarabu na Amayama zinatumiwa na watu wengi wa huku. Fungua mchoro wa rejeta, wa hita au wa mfumo wa petroli, uitafute sehemu yako kwa umbo. Kwa Toyota tarakimu tano za mwanzo hutaja aina ya kitu: 16571 ni mpira wa juu wa rejeta na 16572 ni wa chini, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari moja na jingine. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha mpira wenye 16572 usiridhike mpaka usome namba yote. Ukishaipata namba, hata kama huna mpango wa kuagiza nje, utaitumia kulinganisha na boksi la dukani.

Hatua ya tano: dukani

Nenda na fitingi ya zamani hata kama imevunjika, pamoja na kipande kinachopokeana nayo ikiwezekana kutoka. Kama kimebaki kwenye injini, nenda na vipimo vilivyoandikwa. Ombi lako liwe na mambo manne: malighafi, nyuzi, aina ya kuzibia na ukubwa wa mdomo. Kwa mfano: "Mzee, naomba nipeli ya brasi, upande mmoja nyuzi za koni za BSP ya robo, upande mwingine mdomo wa mpira wa milimita 10." Ukisema hivyo muuzaji haanzi kubahatisha, na asipokuwa nayo atakuambia mapema badala ya kukuletea inayofanana.

Kwa Dar es Salaam, maduka ya spea za magari yamejaa Kariakoo upande wa Gerezani, na vitu vilivyotumika hupatikana Ilala, Mtaa wa Shaurimoyo. Nairobi watu huenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, na Kampala ni soko la Kisekka. Hata hivyo, fitingi za brasi mara nyingi haziko kwenye maduka ya spea kabisa. Ziko kwa wauzaji wa vifaa vya kompresa za upepo, kwa wanaobana hosi za haidroliki na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na hapo tuna bahati ambayo fundi wa Marekani hana: mabomba yetu ya maji hutumia BSP, nyuzi ambazo Toyota huziita PT. Plagi, bushi za kupunguza na nipeli za brasi za robo na nusu inchi zinazouzwa kwa mafundi bomba zinaweza kufungwa kwenye tundu la PT, mradi ni brasi nzito na si chuma cha kupakwa rangi ya dhahabu. Ijaribu kwa sumaku: brasi haivutwi.

Fitingi iliyotumika ya chuma au brasi ninainunua bila wasiwasi nikishaona nyuzi zake ni nzima. Kichwa cha plastiki kilichotumika sikinunui, kwa kuwa kimeshakaa kwenye joto muda uleule uliovunja changu. Mpira uliotumika wa petroli au wa breki haununuliwi hata ukionekana mpya.

Mpira ulionyooka usikubali uchukue nafasi ya mpira wa kona uliofinyangwa. Ukikunjwa hujibana katikati, na ule wa chini wa rejeta, unaonyonywa na wota pampu, unaweza kujifunga injini inapozunguka kwa kasi hata kama unaonekana mzuri gari likiwa limesimama. Fitingi isipopatikana kabisa, fundi mkereza vyuma anaweza kutengeneza fitingi ya brasi au aluminiamu kwa kuiga ya zamani. Mwambie aache tuta kwenye mdomo, kwa sababu asipoambiwa atakereza bomba laini, na mpelekee kipande kinachopokeana na fitingi hiyo ili akate nyuzi za kuingiliana nacho badala ya kukisia.

Hatua ya sita: kufunga na kujaribu

Injini iwe baridi. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kikiwa na joto, maji yaliyokuwa yameshikiliwa na presha huchemka papo hapo na kuruka usoni. Kwa mipira ya petroli ya EFI, toa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, kisha toa terminali ya hasi ya betri kabla ya kufungua chochote.

Tepu ya bomba huzungushwa kuelekea upande ambao fitingi hukaziwa, mizunguko miwili au mitatu, na uzi wa kwanza huachwa wazi ili kipande cha tepu kisikatike kikaingia ndani. Kwenye mfumo wa petroli na dizeli tumia gundi ya nyuzi inayovumilia mafuta badala ya tepu, kwani kipande kimoja tu kinatosha kuziba nozeli. Kwenye swichi ya oili yenye waya mmoja usiifunike nyuzi yote kwa tepu, kwa sababu swichi hiyo hupata negativu yake kupitia nyuzi hizohizo na taa ya oili inaweza kuacha kufanya kazi. Tundu likiwa la aluminiamu, anza kwa vidole, na ukihisi ugumu kabla ya mzunguko wa tatu rudi nyuma. Usiongeze spana.

Wosha ya shaba ikikosekana, ya zamani inaweza kupashwa moto mpaka iwe nyekundu kisha ikaachwa ipoe ili ilainike tena; ya aluminiamu hubadilishwa tu. Klipu ikae nyuma ya tuta, milimita tatu hivi kutoka kwenye ncha ya mpira. Klipu ya skrubu ina vipimo vilivyogongwa juu yake, nawe uchague ambayo kipenyo cha nje cha mpira wako kiko katikati ya vipimo hivyo na si mwishoni. Binafsi ninapendelea klipu za springi za kiwandani kwenye mipira ya maji, kwa sababu huufuata mpira unapotanuka na kusinyaa, ilhali ya skrubu hulegea baada ya siku kadhaa na huhitaji kukazwa tena. Klipu mbili juu ya mdomo mfupi haziongezi usalama. Ya pili huishia juu ya tuta na kuukata mpira.

Kwa maji, kama kuna pampu ya kupimia rejeta, ipige mpaka presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, isizidi hapo, na uangalie sindano kwa dakika kumi. Kama haipo, jaza kulanti, toa hewa, washa injini mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, kisha pitisha karatasi nyeupe chini ya kila fitingi uliyoigusa. Kwa petroli, washa swichi bila kuwasha injini mara tatu au nne ili pampu ijenge presha, kama ni gari ambalo pampu yake huwaka kwa swichi tu, unuse na uangalie kwa tochi kabla ya kuwasha. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, rudia kuangalia, kwa kuwa fitingi nyingi zinazovuja maji huvuja zinaposinyaa kwa baridi na huonekana kavu kabisa wakati wa joto.

Fitingi ya zamani usiitupe. Ifunge kwenye mfuko mdogo, uandike juu yake nyuzi, ukubwa wa mdomo na gari ilikotoka. T yangu ya M10 bado ipo kwenye boksi la vifaa, na siku hizi ndiyo geji yangu ya nafasi ya milimita 1.0.